Mpiganaji Mmoja wa Kukaa Naye

Ukiingia kwenye duka la gemu Nakuru, kwanza utakuta mpira. Iwe ni Free Area, Kaptembwo, Section 58 au kwenye vyumba vya ghorofani katikati ya jiji, skrini nyingi zina FIFA, na hata baada ya mchezo huo kubadilishwa jina mwaka 2023 na kuitwa EA Sports FC, watu bado wanauita FIFA. Tekken hupewa skrini moja, na pengine haipewi hata hiyo mpaka watu wawili waombe iwekwe. Mwongozo huu ni wako wewe unayeomba iwekwe. Unajibu swali linalomkabili kila anayeshika kontrola kabla ngumi ya kwanza haijarushwa: umchukue nani kati ya wapiganaji wote wale, na ukishamchukua umfanyie mazoezi vipi hadi watu wa pale dukani wafikirie mara mbili kabla ya kukaa kando yako. Ushauri wangu ni kwamba uchague mmoja tu. Umchague kwa kupima dakika ulizo nazo, wala si kwa orodha za wenye nguvu zinazozunguka mtandaoni. Awe mtu utakayemkuta kwenye kila mashine. Kisha ukae naye msimu mzima, na sehemu kubwa ya dakika zako uitumie kujifunza kukinga na kuadhibu kabla ya kujifunza mapigo ya kupendeza macho.

Naanza na dakika kwa sababu ndizo haba. Anayemiliki PlayStation nyumbani anaweza kupoteza jioni nzima akimjaribu kila mpiganaji, na kesho yake akaanza upya bila kudaiwa na mtu. Wengi wetu hapa hatuna mashine nyumbani. Tunalipia mechi au tunalipia saa, na pale panapolipiwa mechi kuna ile sheria inayojulikana: aliyeshinda hubaki, aliyeshindwa huachia kontrola. Sasa piga hesabu. Mechi ya kawaida ya Tekken huenda kwa atakayetangulia kushinda raundi tatu, na kila raundi ina sekunde 60. Raundi za mtu mgeni haziishi hata nusu ya muda huo. Akichapwa tatu bila, amecheza kwa dakika moja na ushei, kisha anarudi kwenye foleni kusubiri wengine wanne au watano. Akikaa hapo saa mbili, huenda mikono yake imefanya kazi kwa dakika kumi tu. Mpiganaji mmoja wa Tekken ana mapigo yanayopita 100, na Tekken 8 ilipotoka Januari 2024 ilikuja na wapiganaji 32. Mtu wa dakika kumi anayebadilisha mpiganaji kila mechi atakuwa mgeni kila siku, hata akihudhuria duka hilo mwaka mzima.

Kwa hiyo kigezo cha kwanza hakihusu nguvu za mpiganaji hata kidogo. Kinahusu kupatikana kwake. Kwenye maduka ya Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha mashine hazifanani: pengine utakuta PlayStation 2 yenye Tekken 5, pengine PlayStation 3 yenye Tekken 6, pengi zaidi PlayStation 4 yenye Tekken 7, na kwa waliojikaza kununua PlayStation 5 kuna Tekken 8, ambayo haichezeki kwenye mashine za nyuma. Kuna pia vijana wanaochezea simu, kwa ile Tekken 6 iliyotengenezewa PSP. Ukimchagua mtu aliyeongezwa baadaye kwa malipo, kama Leroy Smith au Zafina katika Tekken 7, duka moja litakuwa naye na lingine halitakuwa naye, kwa sababu mwenye duka hakuona haja ya kumlipia. Lakini Paul Phoenix, Nina Williams, King na Yoshimitsu wamekuwemo tangu Tekken ya kwanza ya mwaka 1994, na wamo katika kila toleo kuu hadi la nane. Ile ngumi nzito ya Paul, ya kuzungusha mshale kutoka chini kwenda mbele kisha ukafinya ngumi ya kulia, inatoka vilevile kwenye mashine ya zamani na kwenye mashine mpya. Ukijifunza umbali wake Njoro, umeujua hata Naivasha. Mtu anayenunua mazoezi kwa shilingi anapaswa kuuliza jambo hili kabla ya lolote lingine: nitakacholipia leo kitanifaa kwenye duka gani kesho?

Kigezo cha pili ni kile ambacho mpiganaji anakidai kutoka kwa vidole vyako. Mchukue Kazuya Mishima, anayependwa sana na wanaotazama mashindano. Pigo lake kuu ni ile ngumi ya umeme: mshale mbele, unauachia, unashuka chini, kisha chini-mbele pamoja na ngumi ya kulia. Mchezo huu hukimbia kwa fremu 60 kila sekunde, na umeme hutoka tu iwapo ule mshale wa mwisho na kitufe cha ngumi vimefinywa ndani ya fremu moja, yaani sehemu moja ya 60 ya sekunde. Ukipatia, hata mpinzani akikinga, wewe ndiwe unayetangulia kusogea, kwa fremu tano. Ukikosea kwa fremu moja tu, hutoka ngumi ya kawaida inayofanana nayo, na ikikingwa unabaki nyuma kwa karibu fremu 10, muda unaomtosha mpinzani kukupiga ngumi ya haraka bila wewe kuweza kufanya lolote. Mkono ni ule ule na wazo ni lile lile, ila tofauti ya kufumba na kufumbua imekutoa kwenye kushambulia ikakuweka kwenye kuadhibiwa. Hilo linajifunzika, na wapo waliolijua. Lakini linadai maelfu ya marudio kwenye kontrola isiyolegea, na kontrola za madukani zinajulikana zilivyo: mshale wa chini umechoka, kitufe cha mraba kinakwama. Kumchagua Kazuya katika hali hiyo ni kukubali kwamba miezi yako ya mwanzo itaishia kwenye kupambana na plastiki. Paul, Law, Asuka au Jin hawadai hivyo. Mapigo yao mengi ya lazima hutoka kwa mshale mmoja na kitufe kimoja, kwa hiyo akili yako inabaki huru kumtazama mpinzani.

Hapa nitaje jambo moja kwa sababu Nakuru ni mji wa ndondi, na wengi wanaoijua ndondi humkimbilia Steve Fox, bondia wa Kiingereza aliyeanza kuonekana katika Tekken 4. Ni chaguo la moyo, na ninalielewa. Hata hivyo Steve hana mateke ya kawaida kama wenzake. Vitufe vyao vya mateke kwake ni vya kuinamisha kichwa na kukwepa, na thamani yake yote inatokana na mtu anayejua pigo la mwenzake litafika lini na wapi. Anafaa zaidi kuwa mpiganaji wako wa pili, utakapokuwa tayari unawasoma watu. Na kama unataka funzo kutoka kwa ndondi yenyewe, la Philip Waruinge linatosha. Bondia huyo wa Nakuru alipata medali ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na ya fedha Munich mwaka 1972. Ni pale Mexico, aliporudi na shaba, ndipo alipopewa Tuzo ya Val Barker, inayokwenda kwa bondia mwenye ustadi kuliko wote wa michezo hiyo. Waliomtuza walitazama namna alivyopigana, na namna hiyo ilikuwa zao la miaka mingi ya kuunoa mtindo mmoja.

Wapo watakaosema kwamba ushauri huu haumfai anayecheza kwa sheria ya mshindi hubaki. Hoja yao ina mantiki: kushinda ndiko kunakoleta dakika, kwa hiyo mchukue atakayekupa ushindi leo, na mtu huyo wanamjua. Tangu Tekken 3, Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira, amekuwa kimbilio la wasiojua. Unafinyafinya vitufe viwili vya mateke, naye anazunguka, analala, anainuka, anapiga chini na juu, na mtu asiyemfahamu anachanganyikiwa hadi mwisho wa raundi. Sikatai kwamba inafanya kazi. Ninachosema ni kwamba inafanya kazi kwa muda mfupi zaidi hapa kuliko mahali pengine popote. Mtu anayecheza mtandaoni hukutana na wageni kila siku, na hila ile ile inaweza kumlisha mwaka mzima. Wewe unakutana na watu wale wale: yule wa boda anayepita saa kumi, wale wawili wa chuo, kijana wa duka la simu la jirani. Wiki ya kwanza wanashangaa. Kufikia wiki ya tatu mmoja wao amegundua kwamba baada ya mzunguko fulani Eddy hubaki amelala na mgongo wazi, na kwa sababu hukai nao mbali, wote wanajua kabla jua halijatua. Siku hiyo hila imekwisha thamani na wewe huna kitu kingine mkononi. Aliyekuwa akipoteza polepole kwa Paul huku akijifunza kukinga sasa ndiye anayebaki kwenye kiti.

Hoja ya pili, na ndiyo nzito zaidi, ni ile ya orodha za nguvu. Ni kweli wapiganaji hawalingani. Desemba 2019 Leroy Smith aliingizwa katika Tekken 7 akiwa na nguvu kupita kiasi, na mwezi uliofuata, katika mashindano ya EVO Japan ya 2020, wengi wa waliofika nane bora walikuwa wakimtumia yeye, akiwemo bingwa mwenyewe, Book kutoka Thailandi. Anayekana kwamba mpiganaji mwenye nguvu husaidia anakana kilichoonekana na wote. Lakini fuata kilichotokea baadaye: watengenezaji walimpunguza Leroy kwa masasisho, na waliokuwa wamemchukua kwa sababu ya nguvu zake pekee wakabaki na mpiganaji wa kawaida wasiyempenda. Nguvu za orodha ni za kuazima. Tena kwa msomaji wa Nakuru kuna jambo la ziada ambalo watengeneza video wa Marekani na Korea hawana sababu ya kulifikiria: mashine nyingi za madukani haziunganishwi na intaneti. Zinacheza toleo lililokuwa kwenye diski siku iliponunuliwa, au toleo la mara ya mwisho mwenye duka alipopata bando la kutosha. Orodha ya mwezi huu inazungumzia mchezo ambao huenda haumo kwenye skrini iliyo mbele yako. Unaweza kujifunza kwa uchungu kwamba pigo fulani ni salama likikingwa, kumbe kwenye mashine ile bado linaadhibiwa, au kinyume chake.

Na hata pale toleo ni moja kwa wote, mtu amewahi kuipita orodha. Mwaka 2014 Mfaransa anayejulikana kama Luffy alishinda Ultra Street Fighter IV katika EVO, mashindano makubwa kuliko yote ya michezo hii, akimtumia Rose, ambaye wengi hawakumweka kileleni mwa orodha. Alikuwa ameshika kontrola ya PlayStation ya kwanza kabisa, wakati wengi wa waliomzunguka walikuwa na fimbo za bei kubwa zilizotengenezewa mashindano. Simleti Luffy kudai kwamba kifaa na nguvu havina maana. Ninamleta kwa sababu alimjua Rose kwa kina, huku wapinzani wake wakimjua Rose juujuu, maana hawakumkuta mara nyingi. Pengo hilo la kujuana ndilo lililompa ubingwa, nawe unaweza kulitengeneza kwa makusudi: ukimkalia mpiganaji mmoja ambaye wengine dukani wamempuuza, kila mechi unawafahamu wao kuliko wanavyokufahamu wewe.

Sasa mazoezi yenyewe. Wengi wakishachagua huanza na mfululizo mrefu wa mapigo, ule wa kumrusha mtu hewani na kumchezesha hadi ukutani, kwa sababu ndio unaoshangiliwa. Anza upande wa pili. Mfululizo unahitaji kwanza upate nafasi ya kumrusha, na nafasi hiyo kwa anayeanza hutoka sehemu moja ya kutegemewa, yaani kosa la mpinzani ulilolikinga. Ielewe hesabu hii, ni nyepesi. Karibu kila mpiganaji wa Tekken ana ngumi ya haraka inayofika baada ya fremu 10, sehemu moja ya sita ya sekunde. Jicho na mkono wa binadamu huhitaji kiasi cha fremu 12 hadi 15 kuona kitu na kukijibu, kwa hiyo ngumi hiyo hakuna anayeikinga kwa kuiona. Huikinga kwa kuwa alikuwa amekinga tayari. Kwa upande mwingine kuna lile teke la kuruka linalomrusha mtu hewani, ambalo wapiganaji wengi wanalo na kila mtu dukani analipenda. Kwa kawaida linachukua fremu 15 kufika, na likikingwa humwacha mwenyewe nyuma kwa fremu 13. Ndani ya fremu hizo 13 hawezi kukinga wala kusogea. Ngumi yako ya fremu 10 lazima imfikie. Kama mpiganaji wako ana pigo zito zaidi la fremu 12 au 13, litamfikia pia, na hapo mpinzani amelipa bei ya kweli kwa kuruka ovyo.

Kwenye Tekken 8 hesabu hizi zinaonekana bure katika sehemu ya mazoezi. Kwenye Tekken 7 zilikuja baadaye kama nyongeza ya kununua, kwa hiyo kwenye PlayStation 4 ya duka huenda usizione kabisa. Si kikwazo. Tafuta mwenzako mmoja, mlipie saa asubuhi ya siku ya kazi wakati duka halina watu, na mfanye hivi. Mwambie arushe pigo moja linalokusumbua, kisha papo hapo ashike mshale wa nyuma ili akinge. Wewe likinge, kisha finya ngumi ya haraka mara moja. Ikimpata, pigo hilo linaadhibika; akifaulu kuikinga, liko salama au umechelewa. Rudieni mara kumi ili mjue ni lipi kati ya hayo mawili. Mkishamaliza lake, rusha lako naye ajaribu, kwa sababu ni muhimu vilevile ujue ni yapi kati ya mapigo yako yatakayokuponza. Tofauti ipo kwenye mapigo ya chini: ukiyakinga unakuwa umechuchumaa, na jibu lako ni teke la kuinukia, ambalo kwa wapiganaji wengi hufika kwa fremu 11. Saa moja ya namna hiyo, mkipokezana, itawapa majibu ya mapigo 15 au 20, na mapigo 20 ni sehemu kubwa ya kile ambacho watu wa duka moja hurusha kila siku.

Kama hakuna mwenza, mashine yenyewe inaweza kushika nafasi yake. Sehemu ya mazoezi inakuruhusu kurekodi mwendo wa mpinzani na kuurudisha, na ukirekodi miendo miwili au mitatu itakayotokea bila mpangilio, utalazimika kutazama badala ya kukariri. Rekodi pigo la kati na pigo la chini linaloanza kwa namna inayofanana. Kinga umesimama, na ushuke tu ukiona la chini. Mwanzoni utashuka mapema kwa woga na kupigwa la kati, kwa sababu anayechuchumaa hapigwi na la juu lakini hupigwa na la kati. Hilo ni kosa zuri kulifanya ukiwa peke yako, kabla halijakugharimu mechi. Kabla ya yote hayo, mwombe mwenye duka aweke televisheni kwenye hali ya michezo kama inayo. Televisheni nyingi hupitisha picha kwenye usafishaji unaoichelewesha, na ucheleweshaji huo unakula fremu zile zile chache ulizolipia kujifunza kuziona.

Mapigo yako mwenyewe, kwa miezi ya kwanza, hayahitaji kuzidi manane. Utahitaji ngumi ya haraka, pigo la kati lililo salama, pigo la chini lisilo la hatari sana, na jambo la kumfanyia anayechuchumaa kila wakati. Ongeza adhabu mbili, moja ya ukiwa umesimama na moja ya ukiwa umechuchumaa, pigo moja la kumrusha, na mfululizo mmoja mfupi wa kufuata, mfupi kiasi kwamba hutaukosea hata kontrola ikiwa mbovu. Yaandike kwenye daftari. Pembeni andika wapinzani wa duka lako na wapiganaji wao, na kila mmoja alivyokupiga leo. Daftari lina faida ambayo wenye mashine nyumbani hawaihitaji sana: linakuwezesha kufanya kazi ukiwa hujalipia, hata stima ikipotea mtaa mzima. Usiku, kwa bando dogo, tazama mechi moja ya bingwa anayemtumia mpiganaji wako, lakini mtazame akikinga. Kila anapokinga simamisha video, ujiulize wewe ungejibu nini, kisha iendeleze uone yeye alijibu nini.

Kuna watakaosema haya yote ni ya bure kwa sababu huku tumejitenga: wapinzani wazuri wako mbali, na intaneti ikivuka bahari inachelewa kiasi cha kuharibu mchezo wenye hesabu za fremu. Kuchelewa ni kweli. Umbali ni umbali. Lakini kutengwa kumeshapimwa, na jibu lake lipo Lahore. Mwaka 2019 Arslan Siddique, anayejulikana kama Arslan Ash, alitoka Pakistani akiwa karibu hajulikani, akashinda Tekken 7 katika EVO Japan mwezi Februari, na Agosti akashinda EVO yenyewe Las Vegas, fainali akimfunga Mkorea Knee, mmoja wa wachezaji wakubwa kuliko wote wa historia ya mchezo huu. Alikuwa amekulia katika vyumba vya michezo vya mtaani, ambako watu wale wale walichapana uso kwa uso kila siku. Alipoulizwa, alisema nyumbani wapo wengine wa kiwango chake. Ulimwengu ulikuwa umefikiri Pakistani iko nyuma kwa sababu haionekani mtandaoni, kumbe chumba kimoja chenye watu makini kilikuwa kimewanoa bila ucheleweshaji wowote, kwa sababu kontrola mbili kwenye mashine moja hazivuki bahari. Duka la Nakuru lina kitu hicho hicho. Linachokosa ni watu wa kuulizana baada ya mechi, na hilo linaweza kuanza nawe leo jioni: aliyekuchapa muulize pigo lile unalijibu vipi. Wengi watakuonyesha. Kutoka Kenya pia njia imeshapitwa: mwaka 2018 Sylvia Gathoni, anayecheza Tekken kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani akiwa mwanafunzi wa sheria wa chuo kikuu cha JKUAT.

Arslan huyo huyo ananisaidia kujibu hoja ya mwisho, ya wanaosema kwamba mabingwa hubadilisha wapiganaji watakavyo. Knee, kwa mfano, alipata jina kwa Bryan Fury lakini anaweza kumshika karibu yeyote, na katika mashindano humbadilishia mpinzani mtu kulingana na hali. Ni kweli, ila tazama mpangilio wa miaka. Wingi wa Knee umejengwa juu ya miaka mingi ya kumkalia Bryan, haukuja kwanza. Naye Arslan alishinda mwaka 2019 kwa Kazumi, na Tekken 8 ilipotoka Kazumi hakuwemo tena. Alilazimika kutafuta mwingine, na mwaka huo huo wa 2024 alishinda EVO kwa Nina. Mapigo ya Kazumi hakuyahamisha, maana hayahamishiki. Alichohama nacho ni ukingaji wake, umbali wake, na kule kujua pigo la kila mpinzani linaacha fremu ngapi. Ukigawa dakika zako kwa namna niliyoeleza, zaidi ya nusu ya unachojifunza hakimhusu mpiganaji wako hata kidogo. Kinahusu wale wengine wote, na utabaki nacho siku yoyote utakayolazimika kumwacha.

Basi umwache lini? Si baada ya jioni mbaya, na si baada ya video ya mtu anayesema mpiganaji wako ni dhaifu. Mpe miezi mitatu ya kuhudhuria kwa kawaida, kisha fungua daftari. Kama kushindwa kwako kwingi kumeandikwa kwa sababu kama nilishuka mapema, nilikinga nisijibu, nilirudia pigo lile lile, hakuna mpiganaji mwingine atakayekuondolea hayo, na ukihama utahama nayo. Lakini kama unakinga vizuri, unaadhibu, na bado kuna mtu mmoja mwenye King au mwenye Yoshimitsu ambaye pigo lako la lazima halimfikii kila anaporudi nyuma, hapo una sababu yenye jina. Mtafute wa pili kwa ajili ya sababu hiyo tu: mwenye mkono mrefu zaidi, au mwenye pigo linalomfuata anayekwepa pembeni, kutegemea kilichoandikwa daftarini. Mlete kwa mpinzani huyo peke yake, na kwa wengine wote uendelee na yule wa kwanza. Na kabla ya kuanza kumlipia, kagua kwenye maduka matatu unayoyatumia kama na yeye yupo.